Likizo ya mama wa njiti ikiisha, nani atabaki na mtoto?

Mei Mosi ya 2024 jijini Arusha, Dk. Philip Mpango, Makamu wa Rais wa wakati huo, alitangaza kwamba mama mfanyakazi anayejifungua mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, ataongezewa muda wa likizo ya uzazi, na mwanzoni mwa 2025 Bunge likaliingiza jambo hilo katika marekebisho ya sheria za kazi. Baba wa mtoto huyo naye akaongezewa siku, kutoka tatu hadi saba. Ni ushindi wa kweli, na waliolipigania jambo hili kwa miaka mingi, Taasisi ya Doris Mollel ikiwa mstari wa mbele, wanastahili shukrani. Hata hivyo, namna ushindi huo unavyozungumzwa maofisini na kwenye vyombo vya habari inanitia wasiwasi, kwa sababu watu wengi wanauchukulia kana kwamba suala la malezi ya mtoto aliyezaliwa na hali ngumu sasa limepata jibu lake. Kwa familia ambayo mtoto wake anatoka wodini akiwa na mahitaji mazito ya kitabibu, mrija wa kulishia puani, degedege zisizotabirika, au mashine ya oksijeni kando ya kitanda, sehemu ngumu huanza siku mama anapotakiwa kurudi kazini. Siku hiyo familia hutafuta mtu wa kubaki na mtoto nyumbani, na haimpati. Nitajaribu kueleza kwamba haimpati kwa sababu kazi yenyewe haijatambuliwa na sheria, haifundishwi mahali popote panapojulikana, na haijapangiwa malipo. Malalamiko tuliyoyazoea, kwamba wasichana wa kazi wa siku hizi hawana moyo, hayaelezi chochote.

Tuanze na watoto wenyewe, kwa kuwa idadi yao ni tunda la mafanikio yetu. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulionesha kuwa watoto 67 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikuwa wakifariki kabla ya kufikisha miaka mitano, na utafiti wa 2022 ukaonesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi 43. Wodi za watoto wachanga zimeongezeka, mashine za kusaidia kupumua zimefika kwenye hospitali ambazo zamani hazikuwa nazo, na akina mama wanafundishwa kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi. Wengi wa watoto wanaookolewa hukua salama kabisa. Wachache kati yao hutoka na mapafu dhaifu, au mtindio wa ubongo uliotokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au na manjano iliyochelewa kutibiwa. Waongeze watoto wa mgongo wazi na kichwa kikubwa wanaofanyiwa upasuaji MOI, taasisi ya tiba ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, na kurudi nyumbani na mrija uliopandikizwa kupunguza maji kichwani, ambao ukiziba huanza kwa dalili ambazo mtu asiyefundishwa atazidhania kuwa malaria: kutapika, kusinzia kupita kiasi, utosi kuvimba, macho kuelekea chini. Miaka thelathini iliyopita wengi wao wasingefika nyumbani. Sasa wanafika, na nyumbani hakujaandaliwa.

Asiyewahi kukaa karibu na mtoto wa namna hii huenda asielewe ni kazi gani tunayoizungumzia, hivyo nitaeleza jambo moja tu, kumlisha uji mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli ya koo lake haielewani vizuri. Nimelitazama kwa binti wa shangazi yangu, Tabata, na kila mara huniacha na heshima kubwa kwa anayelifanya. Mtoto hukalishwa wima, nyonga zikiwa zimekunjwa na mgongo umeegemezwa, na kichwa huinamishwa mbele kidogo, kwa sababu kichwa kikielekea nyuma njia ya hewa hubaki wazi na uji huingia mapafuni. Uji wenyewe unapaswa kuwa mzito kiasi, maana ule mwepesi hukimbia kooni kabla mtoto hajajiandaa kumeza. Kijiko cha plastiki kisicho na kina huwekwa katikati ya ulimi na kukandamizwa kidogo, kisha mlishaji husubiri. Husubiri mpaka aone koo limepanda na kushuka, ndipo achote tena. Kikombe kimoja cha uji huchukua karibu saa nzima, na baada ya hapo mtoto halazwi mara moja. Mlishaji mwenye haraka, au aliyezoea kumlisha mtoto mwingine yeyote kwa kumwegemeza mkononi na kumimina, atampalia mtoto huyu mara kwa mara, na baada ya wiki chache familia itarudi hospitali na homa ya mapafu ambayo hakuna atakayejua ilitoka wapi. Aliyenyweshwa vibaya hakudhuriwa na ukatili, bali na kutojua, na kutojua huko kungeweza kuondolewa kwa mafunzo ya siku chache yenye mwalimu mzuri.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, na saa mbili za kunyonyesha kila siku anaporudi kazini. Kwa mtoto anayeumwa, sheria hiyo inatoa siku nne zenye malipo. Mtoto mwenye degedege sugu hulazwa mara moja tu na siku hizo nne zikaisha zote, na mwaka bado unaendelea. Marekebisho ya 2025 yameongeza muda mwanzoni mwa maisha ya mtoto, na ni sahihi yalivyofanya, lakini mtoto mwenye mahitaji ya kudumu hana mwisho wa matibabu ambao likizo inaweza kuusubiri. Matokeo tunayoyaona ni kwamba mama huomba likizo bila malipo, kisha huomba tena, kisha huacha kazi, na nyumba iliyokuwa na mishahara miwili hubaki na mmoja wakati ule ule gharama za dawa, nepi na mazoezi ya viungo zinapopanda. Wala hatujamgusa mama lishe, mshonaji au muuza mboga, ambaye hana mwajiri wa kumpa siku hata moja na ambaye ndiye mama wa kawaida katika nchi hii.

Basi familia inatafuta dada wa kazi, na hapa kuna jambo ambalo naona halijadiliwi kabisa. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliwapanga wafanyakazi wa majumbani katika viwango vinne: shilingi 250,000 kwa mwezi kwa aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa, 200,000 kwa aliyeajiriwa na ofisa mwenye stahili ya kulipiwa mtumishi, 120,000 kwa mfanyakazi wa kaya nyingine asiyelala kwa mwajiri, na 60,000 kwa anayelala humo. Tangu hapo viwango vya sekta binafsi vimetangazwa kupanda, na ni vizuri. Lakini tazama mantiki ya mpangilio wenyewe. Mshahara unategemea mwajiri ni nani na mfanyakazi analala wapi. Hakuna mahali mpangilio huo unapouliza mfanyakazi anafanya nini. Binti anayefua na kupika katika nyumba ya watu wawili wazima, na binti anayelisha mtoto kwa mrija kila baada ya saa tatu, anaandika muda wa degedege na kujua lini dawa ya dharura itolewe, ni mtu mmoja mbele ya amri hiyo. Pale ambapo sheria haioni tofauti, soko nalo halina sababu ya kuiona, na mwajiri asiye na nia mbaya kabisa hujikuta akilipa bei ya kufagia kwa kazi ya kulinda uhai.

Utafutaji wenyewe hufanyika kwa njia tulizozizoea wote. Dalali hupigiwa simu, shangazi wa kijijini huulizwa kama kuna binti aliyemaliza darasa la saba, jirani humpendekeza mtu aliyeachishwa kwa mwingine. Hali ya mtoto mara nyingi hupunguzwa chumvi, kwa hofu kwamba ikielezwa yote hakuna atakayekuja. Binti hufika na mfuko wake, siku ya pili au ya tatu anaona degedege la kwanza katika maisha yake akiwa peke yake ndani ya nyumba, na kichwani ana yote aliyoambiwa kwao kuhusu kifafa: kwamba povu linaambukiza, kwamba mtoto ana majini, kwamba atakayemgusa wakati huo atayabeba. Anaondoka, pengine alfajiri bila kuaga, na nyumba nzima husema hana shukrani. Mimi siwezi kumlaumu. Alipewa kazi ambayo muuguzi hufanya akiwa na wenzake, kitabu cha kumbukumbu na daktari wa kumwita, akaambiwa aifanye peke yake kwa mshahara wa mfanya usafi, na endapo mtoto angefia mikononi mwake, yeye ndiye ambaye angehojiwa polisi.

Wapo wanaosema kuwa suala lote hili ni la kuiga, kwamba mtoto wa Kiafrika hulelewa na ukoo, bibi yupo, mama mdogo yupo, na kwamba kumlipa mtu na kumpa cheti kwa kazi ya upendo ni kuiuza jamaa. Naiheshimu hisia iliyomo, kwa kuwa bibi wengi wamewalea watoto hawa kwa uvumilivu usio na kifani. Lakini kama hoja ya sera, hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Kwanza, inachukulia kwamba bibi yupo na ana nguvu. Bibi huyo mara nyingi ana shamba lake Njombe au Kagera, ana presha, ana magoti yanayouma, na mtoto wa miaka sita asiyeweza kukaa mwenyewe ana uzito ambao mgongo wa mtu mzima haubebi mara kumi kwa siku. Pili, inasahau nani hasa analipia upendo huo. Katika koo tunazozifahamu anayeitwa ni binti asiyeolewa, anayekatizwa masomo au kibarua chake, na hakuna anayehesabu hasara yake kwa sababu haikuandikwa popote. Tatu, undugu haufundishi mtu kupima kama mrija umebaki tumboni au umehama. Mama mkubwa mwenye mapenzi yote ya dunia akimimina maziwa bila kwanza kuvuta kwa bomba la sindano na kuona majimaji ya tumbo anaweza kumzamisha mtoto, na mapenzi yake hayatamsaidia. Ukoo unahitaji mafunzo na mapumziko sawasawa na mfanyakazi wa kulipwa, na mpango unaotambua kazi hii ungemfaa bibi huyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hoja nzito zaidi hutoka kwa wahudumu wa afya wenyewe. Wanasema, na wana haki ya kusema, kwamba shughuli kama kulisha kwa mrija, kunyonya makohozi kwa mashine au kutoa dawa ya kuzuia degedege ni za muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kwamba kuzikabidhi kwa mtu wa darasa la saba ni kufungua mlango wa maafa. Tatizo ni kwamba mlango huo umeshafunguliwa. Kila wiki mama huruhusiwa na mtoto mwenye mrija, baada ya kuoneshwa mara moja au mbili namna ya kuutumia, na hakuna muuguzi anayemfuata. Kwa hiyo mtu asiye muuguzi tayari anaifanya kazi hii, na tunachobaki nacho kuamua ni kama atafundishwa. Tanzania imewahi kuamua jambo hili kwa busara. Katika miaka ya janga la UKIMWI, kabla na baada ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa bure mwaka 2004, watu wa kawaida vijijini na mitaani walifundishwa kuwahudumia wagonjwa majumbani: kusafisha vidonda, kuwageuza kitandani, kutambua hatari na kuita msaada. Hata ile huduma ya kumbeba njiti kifuani, iliyoanzia Bogotá mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu mashine za joto hazikutosha, ilitazamwa kwanza kama njia ya maskini. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu, ukachapishwa mwaka 2021, ulionesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto hao kwa robo. Hata hivyo wauguzi wako sahihi katika jambo moja ambalo watetezi wa mafunzo hupenda kulipita haraka: mafunzo bila usimamizi ni hatari. Mtu aliyefundishwa mara moja husahau, au hujiamini kupita kiasi, na mtoto anayemhudumia hubadilika kila anapokua. Lazima awepo wa kumrudia.

Kuna pia hoja ya fedha, ambayo huletwa kwa sauti ya huruma: nchi yenye upungufu wa wauguzi vituoni haiwezi kuota kupeleka huduma kitandani kwa mtoto mmoja. Hoja hii inahesabu upande mmoja tu. Mfano unaoelimisha zaidi ninaoufahamu ni wa Marekani, nchi isiyokosa fedha. Katie Beckett, mtoto wa Iowa, aliugua ugonjwa wa ubongo mwaka 1978 akiwa mchanga na kubaki akihitaji mashine ya kupumua. Bima ya serikali ilikuwa tayari kumlipia hospitalini na haikuwa tayari kumlipia nyumbani, hivyo mtoto ambaye madaktari walimwona anaweza kwenda kwao alibaki wodini miaka. Novemba 1981 Rais Ronald Reagan alilitaja jambo hilo hadharani, akisema kuwa kumtunza nyumbani kungegharimu sehemu moja ya sita, na utaratibu ukabadilishwa. Mabadiliko hayo hayakumaliza shida, kwani hadi leo familia nyingi za huko huidhinishiwa saa za muuguzi wa nyumbani na kukosa muuguzi wa kuzijaza, na ndiyo maana jimbo la Colorado na mengine yakaanza kuwafundisha wazazi wenyewe na kuwalipa. Sisi hatuna fedha za Colorado, lakini tuna kosa lile lile la mwaka 1981: bima yetu, pamoja na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 tuliyoisubiri kwa hamu, imejengwa kuuzunguka mlango wa kituo cha tiba. Mtoto akirudishwa wodini na homa ya mapafu kwa mara ya tatu, kitanda, dripu na dawa vinalipiwa. Mafunzo ambayo yangezuia safari hiyo hayana mstari kwenye orodha ya mafao.

Wengine hupendekeza vituo vya kulelea watoto mchana, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imevipa msukumo mzuri. Kwa mtoto mwenye ulemavu anayeweza kutoka, kituo ni bora kuliko kufungiwa chumbani, tena ningependa vingi zaidi vifunguliwe. Kwa mtoto ambaye mafua ya mwenzake yanaweza kumrudisha kwenye oksijeni, kituo chenye watoto ishirini hakifai, na usafiri wa kumfikisha humo kwa bodaboda haufikiriki.

Kinachowezekana ni kipi, basi? Naona mahali pa kuanzia ni wodini, kabla ya ruhusa kuandikwa. Familia ielezwe mapema kwamba mtoto hataruhusiwa mpaka watu wawili, mama na mwingine atakayebaki naye, wawe wamefanya kila tendo kwa mikono yao mbele ya muuguzi, mara kwa mara, na huyo wa pili anaweza kuwa baba, bibi au dada wa kazi anayelipwa. Hospitali chache zenye wataalamu wa mazoezi tiba hufanya jambo la karibu na hilo, CCBRT ikiwa mfano, lakini hutegemea juhudi za watu badala ya utaratibu. Usimamizi nao una mahali pa kutoka. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila mtaa na kitongoji. Hawa hawawezi kukaa na mtoto kutwa, wala wasitwishwe mzigo huo. Wanaweza kupita kila wiki, kuangalia mrija umefungwaje, uji una uzito gani, dawa imebaki kiasi gani, na kuwa daraja la simu kati ya nyumba na zahanati.

Kwa upande wa ajira, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inaweza kuandaa kozi fupi ya ulezi wa nyumbani wa mtoto mwenye mahitaji ya kitabibu, na CHODAWU, chama kinachowatetea wafanyakazi wa majumbani, kina sababu zote za kudai ngazi ya tano katika amri ya mshahara, ngazi itakayopangwa kwa kazi inayofanyika. Nasikia pingamizi kwamba mshahara ukipanda familia zitashindwa kulipa, na kwa familia nyingi ni kweli, ndiyo maana ngazi hiyo haiwezi kusimama bila mchango wa bima au ruzuku kwa kaya zisizo na uwezo. Wapo pia wenye hofu kwamba binti akishafundishwa atahamia kwa mwenye fedha zaidi. Atahama, kama anavyohama mwalimu na fundi, na akihama atakwenda kumlea mtoto mwingine mwenye shida ile ile, akiwa anajua anachofanya. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wasichana watano waliohitimu kozi hiyo, wanaopokezana zamu katika nyumba za kata moja, kingekuwa mkopaji mwenye wateja tayari, na kingeondoa lile jambo linalowakimbiza wengi wao, yaani kuwa peke yako na mtoto usiku na mchana bila mtu wa kukupokea.

Waajiri nao wasijifiche nyuma ya sheria. Hakuna kifungu kinachomzuia mwajiri kumpa mzazi zamu inayolingana na ya mlezi wa nyumbani, au kuzihamisha siku zake za likizo ya mwaka zitumike kidogo kidogo kwa ajili ya kliniki. Siku nne za ugonjwa wa mtoto ziliwekwa na Bunge lililokuwa likimfikiria mtoto mwenye surua au mkono uliovunjika. Bunge lile lile limeonesha mwaka 2025 kwamba linaweza kumtambua mtoto ambaye maisha yake yalianza tofauti, na kazi iliyobaki mezani kwake ni kuendelea kumtambua akiwa na mwaka mmoja, mitatu na saba.